Neno Ulilofuta kwenye Besi

Baba mpendwa,

Habari za Bungoma? Baridi ya Kinoo inakusalimu. Mimi imeshanisalimu hadi mifupani.

Jana nilipeleka gita lako la besi kwa fundi wa Ngara, kama ulivyoagiza: likiwa la Amerika tulitunze, likiwa feki tulibadilishe na jipya. Akasoma lile jina kubwa la Kimarekani, akatabasamu kwa huruma kama daktari, kisha akaligeuza.

"Siste, nani alikwangua hapa nyuma na msasa?"

"Mwenyewe." Sikutaja kwamba mwenyewe ni mzee wa kanisa.

"Mwambie neno alilofuta ni Japan."

Akafungua skrubu nne, akatoa shingo. Ndani kulikuwa na maandishi ya Kijapani ya penseli, mahali mkono wako haukufika. Pole, Baba, uliyedhani Japan maana yake feki. Umri wote huo, na shingo bado imenyooka kuliko mgongo wangu.

Akalirudisha, akatia nyuzi, akapiga. Alipiga muda mrefu, macho yamefumbwa, hata wateja wengine akawasahau.

"Ni feki tu, siste," akasema mwishowe. "Niachie hii, nikupe mpya kabisa."

Sijawahi kuona mtu akikumbatia feki namna ile. Nilimshukuru kwa ukarimu wake, nikalitoa mikononi mwake kidole kimoja kimoja.

Narudi nalo Jumamosi. Wakikuuliza kanisani lilitoka wapi, usiseme tena Amerika; sema Japan, bila kukohoa. Mungu akutunze, vidole vyako hasa.

Binti yako,
Nekesa