Dumbuu, Chubwi, Ti

Jumatatu, 3 Machi 1997

Kahawa vikombe vitatu, kashata moja. Mvua asubuhi, baadaye jua. Leo tena nimewashinda kijiweni. Ujiji nzima ni mimi peke yangu ninayejua maana ya neno la lugha yoyote kwa kusikia mlio wake tu. Leteni Kibembe, leteni Kirundi, leteni Kifipa. Nafumba macho, nalitafuna neno, natema maana. Watu hoi.

Uongo. Nilikuwa kuli wa melini miaka ishirini na sita. Maneno yote hayo nimeshatukanwa nayo. Lakini daftari halina mdomo.

Nyumbani kuna mgeni. Dada yangu Zuhura, muuza dagaa wa Katonga, amerudi na mtoto wa kike wa miaka kama mitano. Wavuvi walimkuta jana kwenye mtumbwi uliokwama mchangani. Peke yake. Umetoka upande wa Burundi, wanasema. Ukimsemesha Kiswahili hajibu. Kirundi hajibu. Ana sauti tatu tu. Dumbuu. Chubwi. Ti. Halafu kimya jii. Halafu anaanza upya.

Ugali anakula vizuri. Sijampenda.

Jumanne, 4 Machi

Anasema vile kila akiona maji. Mtungi, beseni, hata kikombe changu cha chai. Leo saa sita mchana, mtaa mtupu, nachota maji ya kutawadha. Nikamsikia nyuma ya mlango. Dumbuu. Chubwi. Alipofika kwenye ti, tone likadondoka kwenye kata. Mkono wangu ulikuwa umetulia. Naapa.

Nikalipeleka kijiweni kama fumbo. Habari za mtoto sikuwaambia. Nikasema vitatu vimetumbukia ziwani, dumbuu, chubwi, ti, ni nani na nani?

Muha wa Simbo muuza maharage hakufikiri hata kidogo. "Baba, mama, na mtoto mchanga."

Fundi viatu, Mbembe, akajibu hivyo hivyo bila kuinua macho kwenye kiatu. Mama mmoja Mrundi alikuwa anapita na ndoo kichwani. Aliitua ndoo chini, akaenda zake, akaiacha pale.

Lugha mbili, jibu moja. Nani kawafundisha? Nami nilikuwa nalo jibu hilo hilo tangu jana, sikutaka kuliangalia.

"Mzee Kitwana leo umepauka," wakanicheka. "Umeona jini au umeona deni?"

Alasiri akaja dada wa ofisi ya wakimbizi na fomu zake. Anataka kujua mtoto ni wa nani. Hapo ningenyamaza. Nikaona sifa. Nikamfafanulia sauti tatu, nzito ya mwanamume, ya kati ya mwanamke, nyembamba ya kichanga. Akasikiliza, akaandika. Fomu ikasema wazazi wote wamefariki ziwani. Ijumaa saa nne lori la yatima linampeleka kambi ya mbali. Akaniaga, "Asante, mwalimu."

Mwalimu. Nimeishia darasa la nne. Nimelala na tabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Mama yake amekuja.

Ni mzima. Anaitwa Leonia, wa Rumonge, ana kiatu kimoja. Wimbi liliwapiga usiku wa Jumamosi. Mumewe akatangulia kutumbukia. Akafuata yeye. Kichanga kikamtoka mikononi. Mtumbwi mwingine wa wakimbizi ukamvuta kwa nywele, wa kwake ukaenda na maji, na mtoto ndani. Akashushwa huko kaskazini, akatembea akiuliza kila mwalo wa wavuvi. Katonga wakamwelekeza kwetu. Mtoto jina lake Konsolata.

Konsolata alipomwona hakulia. Hakukimbia. Alimtazama vizuri, akasema taratibu, kama mtu anayetaja jina, "Chubwi."

Kisha akaingia nyuma ya Zuhura.

"Ni jewe, mwana wanje," mama akamwambia. "Ni mimi. Niangalie."

"Chubwi."

Na mimi, mjinga mkubwa, nikatazama chini kuona kama yule mama ana kivuli. Anacho. Akaniona natazama.

Dada wa ofisi akaitwa. Akasema mwezi uliopita mwanamke alichukua mtoto asiye wake, na ofisini ni yeye, dada, aliyeitwa kujieleza. Huyu mtoto amemkataa huyu mama. Tena fomu inasema mama amekufa.

"Nani kasema?" Leonia akauliza.

"Mwalimu huyu."

Leonia akaniangalia. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda kijiweni. Nimekaa natafuta.

Sauti za kuanguka majini tunazo tele. Pu. Chubwi. Tumbwi. Pwaa. Ya kutoka majini sina. Nimemuuliza Mbembe, hana. Muha hana. Mtu akizama maneno yanampigia ngoma. Akitoka yanakaa kimya. Mtoto atajuaje kwamba mtu hutoka? Kwake mama yuko ndani ya ile sauti, na mlango hakuna.

Nikaenda ziwani, nikajitosa na msuli wangu. Nikaibuka. Nikatega sikio langu mwenyewe. Nikarudia mara tatu. Ni hii: hwaaa. Si neno. Ni pumzi inayorudi kwa mwenyewe.

"Mzee, umedondosha meno?" wavuvi wakaniuliza.

"Nimemfuata mke wa pili. Amekataa."

Jioni nikamweleza Leonia. Lazima azame, lazima aibuke, na mtoto akiona. Akarudi nyuma kabla sijamaliza.

"Mzehe, maji yale yana watu wangu."

Akavua kile kiatu kimoja, akakiweka kando. Kisha akauliza, saa ngapi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili asubuhi, Katonga. Zuhura amemshika mtoto mkono. Dada wa ofisi anatazama saa yake.

Nikatangulia. Nikajibwaga kama gunia la chumvi.

"Dumbuu," mtoto akasema.

Nikaibuka, hwaaa, nakohoa, kofia imekwenda na maji. Akanikazia macho.

Leonia akaingia hadi kifuani. Meno yanagongana. Akamtazama mwanawe. Akazama.

"Chubwi."

Maji yakajifunga juu yake. Yakatulia kama sahani. Nikahesabu. Tatu. Tano. Saba. Zuhura akaanza kusoma dua. Tisa. Nikasema moyoni, Kitwana, umemuua mara ya pili.

Hwaaa.

Mdomo wazi, uso juu. Sijapata kusikia pumzi ndefu vile.

Konsolata akafungua mdomo wake. Akajaribu. "Hwa." Sauti ya nne. Akauachia mkono wa Zuhura, akaenda hadi maji yakamfika magotini. Leonia akapiga magoti mbele yake. Mtoto akampangusa maji usoni, taratibu, shavu hili, shavu lile, kama anayefuta kioo.

"Mama," akasema.

Dada wa ofisi akachora mstari kwenye fomu. Mmoja tu, juu ya kifo cha mama.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mtoto alichungulia nyuma ya bega la mama yake, akaangalia ziwa. Akangoja. Tukamwelewa sote kwa pamoja. Mmoja ametoka. Bado wawili.

Tulisimama naye. Namwogopa Mungu kuandika hili, lakini nami niliangalia maji. Nami nilingoja.

Jumamosi, 8 Machi

Wameondoka kwa lori la familia asubuhi hii, mama na mwana kiti kimoja. Leonia ana viatu viwili sasa, vya Zuhura. Nilipomsalimia mtoto alinishika ndevu.

Kijiweni wameleta neno jipya, la Kimanyema. Nikasema silijui. Nilikuwa nalijua.

Kifua kinabana kwa maji ya jana. Nyumba jii. Zuhura anakuna nazi.

Nilimpisha mgeni wake chumba changu siku tano, nikalala ukumbini na mbu. Sikudai kitu. Sasa nadai. Zuhura, leo kwenye chai nitilie tangawizi. Nyingi. Hilo tu.