Jeneza la Watu Wanne

Mwembesongo, Alhamisi

Bado kinaniuma kile kiwiko. Mchana jeneza lilipita mbele ya nyumba, limebebwa na watu wanne tu, nami nikatoka nitie bega. Tangu nimzike mke wangu Zuhura, sipitwi na jeneza. Mmoja akanizuia kwa kiwiko cha kifua: "Mzee, tunatosha."

Nikarudi barazani nikidhani wameona nimechoka. Jirani yangu Idrisa, mwandishi wa gazeti, hakukaa. "Mzee, nani anamnyima mtu thawabu ya kubeba jeneza?" Akakimbilia kituo cha polisi. Niliogopa. Kama ndani mna maiti, kijana atakuwa amewaaibisha wafiwa, na kazi yake ndiyo basi.

Sajenti Nestori alikuja naye, nami nikawafuata mpaka tukalifikia jeneza mbele kidogo. Ni Mkristo, lakini alivua kofia akasema kwa upole, "Poleni, ndugu zangu. Nami nibebe kidogo." Wakakataa. Akasogea tena, akaweka mkono kwenye jeneza. Hapo wakalitua barabarani wakatimua mbio. Chini ya shuka hamkuwa na mtu, mlijaa bhangi ya kutoka milimani. Sajenti aliwakamata wawili.

Sijaona ujasiri wa upole kama ule.

Jioni nilimsifu Idrisa. Akajibu, "Mimi nilijifunza siku tuliyomzika Bi Zuhura, Mzee."

Kweli. Siku ile nilitaka kumbeba mwenyewe mpaka makaburini, lakini kila hatua chache bega la mtu mwingine liliniondoa. Nilikasirika, nikaona wananinyang'anya mke wangu.

Leo ndipo nimewashukuru wote walionipokea.