Nyumba ya Kupumzikia Waziri Mkuu

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na kwamba mmepata watu wa kuchuma kahawa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa.

Mdogo wangu Yohana ameniambia hutaki kuongea nami kwenye simu. Nakuelewa. Ndiyo maana naandika, ujue kilichonizuia kuja kumzika baba.

Unajua nafanya usafi katika nyumba kubwa ya shambani, huku Ulaya. Sikuwahi kukueleza ni ya nani. Tajiri mmoja aliiachia serikali, bunge likatunga sheria kwamba kila waziri mkuu atakayekuwepo apumzike humo, na iwe tayari wakati wote. Sheria yenyewe imetundikwa ukumbini. Imetaja mpaka kuni na bustani. Sisi tunaotandika vitanda haikututaja.

Siku Yohana aliponipigia kutoka Mlowo kwamba baba amefariki, nilikwenda kwa msimamizi wetu kuomba ruhusa. Ni mama mtu mzima, hana ukali. Alinipa pole, akanishika mkono. Kisha akasema waziri mkuu anakuja Ijumaa na wageni, na mtu wa kushika nafasi yangu lazima kwanza achunguzwe na walinzi.

"Subiri Jumatatu," aliniambia. "Baba yako hawezi kukukasirikia tena."

Nikabaki, mama. Hilo ndilo linaloniuma, maana hakuna aliyenifunga kamba. Niliogopa kupoteza kazi. Wakati mnampeleka makaburini pale Igamba, mimi nilikuwa napiga pasi mashuka ya wageni.

Waziri mkuu hakuja. Jumamosi mchana walipiga simu kusema amepata shughuli nyingine. Tukaambiwa tutandue mashuka tuyafue upya, ingawa hakuna aliyeyalalia. Nilipouliza kama sasa naweza kusafiri, msimamizi akasema, "Si wameshazika?"

Nimeacha kazi. Nitafika mwisho wa mwezi. Najua Yohana anasema nimejifanya mzungu. Sitabishana naye.

Nisalimie shangazi aliyemuuguza baba, na mjomba wa Kamsamba. Nimesikia ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kwa niaba yangu, mimi mtoto wenu mkubwa.

Usimwambie mtu aje kunipokea. Nikifika, kama bado huna neno la kuniambia, nioneshe tu kwa mkono mlipomlaza.

Mwanao,
Neema