Weusi wa Kware

Mjomba wangu mpendwa,

Daftari langu linasema ilikuwa Jumanne, mvua, wiki yangu ya tatu kwenye meza yako ya usonara, Silver Spring, Marekani. Bibi mmoja wa Arlington alituachia kishikizo cha mfuko wa tumbaku cha babu yake Mjapani: kware mdogo kama ukucha, kila unyoya umechongwa, jicho la dhahabu. Pini ya nyuma tu ndiyo iliyolegea. Ulipokwenda kuswali adhuhuri nikamwona kware mweusi ti, nikamhurumia. Nikamfanyia tunavyofanyia bangili za fedha kwetu Unguja: nikamsugua kwa majivu na ndimu.

Ulirudi, ukavaa miwani. "Salaale! Kware wa watu umemnyonyoa!"

"Si nimemsafisha, Mjomba?"

"Ule haukuwa uchafu, mama. Ule ndio ufundi."

Ukanieleza: shaba hutiwa dhahabu kidogo, ikachemshwa kwa dawa mpaka itoe weusi wenye ubuluu. Sasa bawa moja lilikuwa jekundu kama sufuria mpya ya shaba. Nikajua kazi imeniponyoka. Nikakuomba ulipake rangi, bibi asijue. Ukachukua mwavuli. "Twende Arlington. Utasema mwenyewe."

Nilisema yote. Bibi alimgeuzageuza kware wake, hakutabasamu. Akakuuliza kama bado utaniachia vitu vya watu.

"Wengine wote wanaweza kufanya kosa hili," ulimjibu. "Huyu hawezi tena."

Usiku ule niliandika maneno hayo tu, sikuongeza kitu.

Tangu tukuzike meza ni yangu. Kadiri ninavyoshika kazi za mafundi wa kale wa Kijapani ndivyo ninavyostaajabu: nyasi zilizochongwa nyembamba kuliko uzi, na fundi hakuogopa kuacha nafasi tupu. Jana alikuja bwana mmoja wa Mombasa na kikinga mkono cha upanga, chuma cha hudhurungi chenye mawimbi.

"Kipige polishi, dada, king'ae. Ni zawadi ya kumpa bosi wangu."

"Hicho siking'arishi, kaka. Nitakifuta vumbi tu."

"Ala! Basi wewe fundi wa nini?"

Akatoka nacho. Nilimfuata bila koti hadi kituo cha treni, nikamweleza kwamba hudhurungi ile ndiyo ufundi wenyewe, hata aibu yangu ya kware. Alinitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Kisha akakiviringisha chuma chake katika skafu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Lala salama, Mjomba. Mkono wako ungali juu ya wangu.

Mpwa wako