Pazia la Chumba Chetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza ukaidi wake. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua mpaka nguo zinashindwa kuwafuata, na cherehani yangu bado inafanya kazi, ingawa siku hizi inadai mafuta kila mara kama mzee anayedai chai. Shemeji yako anakusalimu sana. Aliniagiza salamu hizo alfajiri akiwa anavaa viatu, nami nikaitikia huku nusu yangu bado imelala, kwa hiyo kama alisema na jingine limepotelea kwenye mto wa kulalia.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Unasema wapangaji wa uani wamehama, umebaki peke yako, na ngazi za nyumbani zimekuwa ndefu. Unasema jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaitaka nyumba ya wazazi aifanye ghala la saruji. Ni muungwana, hakusukumi, ila kila akipita lazima aulize. Kisha ukaniomba nikueleze ukweli wa huku, si maneno ya kumfurahisha mgeni, ndipo uamue kama utaiachia nyumba uje kuishi nasi au utabaki. Ukanikumbusha pia kwamba tangu utotoni siwezi kusema uongo bila kujikuna sikio. Basi nimekaa mezani, mkono mmoja unaandika, na wa pili nimeukalia.

Nianze na mazuri, maana yapo. Tangu kituo cha treni kifunguliwe, mtaa huu umekosa subira. Kichochoro nilichopita juzi kwenda kununua uzi, leo kina ukuta, na nyuma ya ukuta kuna msingi, na juu ya msingi mtu ameshaanika nguo zake. Maji yanatoka bombani, taa zinawaka, shule ya watoto iko karibu kiasi kwamba kengele ikilia ndiyo wanatafuta soksi. Hewa ya huku ni kavu, nadhani magoti yako yataipenda. Na kazi ipo ya kumwaga. Mwenye nyumba mpya akishapata mlango na choo, anayemtafuta baada ya hapo ni fundi wa mapazia, na fundi mwenyewe ndiye mimi.

Shemeji yako watoto wamempachika jina la Abiria, nami nikalidaka. Anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi na treni ya jioni, macho mekundu, mkoba begani. Jumapili nikimkuta ameketi sebuleni humuuliza kama ameshafika au anasubiri kuunganisha safari. Hucheka, na wakati mwingine hupitiwa na usingizi kicheko hakijaisha. Usidhani nanung'unika. Ni mume mwema, na yeye ndiye wa kwanza kusema kwamba shemeji yake asiendelee kukaa peke yake kwenye nyumba yenye ngazi. Ila namkosa mtu ninayelala naye kitanda kimoja, na hilo sikujua kwamba linawezekana.

Sasa nikueleze mchana wa huku, maana ndio utakaoishi wewe. Treni ya asubuhi ikishaondoka, tunabaki mafundi wa ujenzi, mbwa, wasichana wachache wa kazi wasioruhusiwa kufungua geti, na mimi. Wateja huniachia funguo, kwa sababu saa ninazoweza kupima madirisha yao ndizo saa wasizokuwepo. Nina kitita cha funguo kikubwa kuliko cha mlinzi wa shule. Naingia nakuta vikombe vya asubuhi viko mezani, taulo limetupwa kitini, makochi bado yamevaa plastiki ya dukani. Jua linaingia dirishani na kutanda sebule nzima, na hakuna wa kulikalia. Kuna muuguzi wa nyumba ya kona, kila tukikutana hunisimulia jinsi alivyoihangaikia ile baraza yake ya mbele. Viti vya baraza hiyo bado vina kamba vilizofungwa nazo dukani siku alipovinunua.

Kuna na bwana mmoja wa benki, mtu mpole. Alichagua kitambaa mjini jioni, akaniletea nishone, nikamtundikia akiwa kazini. Miezi ikapita. Siku moja ya mapumziko ya taifa akaja kwangu asubuhi, mapazia ameyakumbatia kifuani, akaniambia kwa adabu iliyokaza meno kwamba nimembadilishia kitambaa. Yeye alileta cha kijivu, na haya ni ya kijani. Nilimwambia sijabadilisha hata uzi. Akasema yeye si mtoto, mapazia haya anayaona kila siku. Nikamuingiza stoo kwangu, mle msimo na dirisha, nikawasha taa, yakawa ya kijivu. Nikamtoa uani, yakawa ya kijani. Tukaingia na kutoka hivyo mpaka fundi wa jirani akaweka nyundo chini atutazame vizuri. Mwishowe yule bwana akaketi kwenye kigoda changu akacheka. Akanieleza kwamba anatoka giza, anarudi giza, Jumamosi yuko kazini, na Jumapili kutwa humwendea mama yake mgonjwa ng'ambo ya mji. Alihamia nyumba ile binti yake akiwa wa kubebwa, sasa anasoma. Akaomba niyarudishe mapazia mahali pake, kwani hata hicho kijani kinamfaa.

Nilicheka naye, dada, lakini alipoondoka nilishindwa kushona mpaka mchana.

Jambo jingine ninaloliona kwa sababu ya kazi yangu ni unene wa vitambaa. Tulipohamia, kila mtu alitaka pazia jepesi, maana madirisha yalitazama majani matupu mpaka kilimani, na watu walitaka upepo. Leo wananiambia zito, na liwe na bitana, kwa sababu ukifungua dirisha unamkuta jirani anapiga mswaki. Nyumba nilizoshonea mwanzo nimezirudia kushusha mepesi na kupandisha mazito. Kazi ni kazi, na ndiyo inayotulisha. Lakini nikiwa juu ya ngazi, nikilishusha pazia jepesi la mtu, hulikunja polepole kuliko inavyohitajika.

Chumba chako kipo tayari. Kipo chini, hakina ngazi hata moja, na choo kiko mlango wa pili. Tulipokuwa tunajenga nilikichagua mwenyewe kwa sababu dirisha lake lilitazama kilima na ile njia ya watu wanaoshuka na kuni. Nikakishonea mapazia meupe mepesi yenye vimaua vya buluu, nikijua unavyopenda kuamka na mwanga. Mwaka huu jirani ameongeza ghorofa. Kilima kilianza kukatika kiuno, kisha kikabaki kichwa, na sasa kuna ukuta. Abiria husema niweke pazia zito kwa sababu mafundi wanaona ndani. Mimi humjibu kwamba nasubiri kitambaa kizuri, na hapo ndipo hujikuna sikio.

Sasa vaa miwani vizuri. Abiria aliniambia barua hii isizidi neno moja, yaani njoo. Nimelianza neno hilo zaidi ya mara moja na kalamu ikagoma, na sababu yake nimeijua leo nikiwa nimekaa hapa, sikuijua jana.

Mchana nikimaliza kazi huingia chumbani kwako na kuketi kitandani. Sifanyi chochote. Hufumba macho na kwenda nyumbani. Naanzia mlangoni, kwenye lile komeo linalotaka kuinuliwa kidogo kabla ya kuvutwa. Napita kwenye kiti cha baba na meza ya mama ya cherehani, napanda ngazi nikikwepa ile inayolia, naingia chumba chetu. Kitanda chako upande wa ukuta, changu upande wa dirisha, na pale limening'inia pazia la kwanza nililoshona maishani, lenye pindo ulilosema linakwenda sokoni na kurudi. Mama alitaka kulitoa kwa aibu ya wageni, wewe ukakataa. Najua bado lipo, kwa sababu kwenye barua ya kabla ya hii umenitania tena juu yake. Basi nakaa huku, najiambia kwamba sasa hivi dada yangu amelivuta pembeni na kutazama barabarani, na moyo wangu unatulia, narudi kazini.

Kwa hiyo uliponiuliza uje au ubaki, kitu ndani yangu kilisema baki. Hakikusema hivyo kwa ajili yako. Hakikufikiria kuta, wala upweke wa mchana, wala funguo za watu. Kilisema hivyo kwa sababu ukitoka wewe, mimi sina tena nyumbani. Watoto nimewazoeza kwamba tukienda nyumbani wataona hiki na kile, na hatuendi, kila mwaka kuna treni ya kuwahi na mteja wa kumaliza. Lakini neno lenyewe limenibeba miaka yote hii. Nimekuweka huko kama taa ya mlangoni, wala sijawaza kwamba taa yenyewe inaumwa magoti, inapanda ngazi peke yake, na ikianguka hakuna wa kusikia. Nimeona aibu, dada. Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimerudi mezani, na mkono niliokuwa nimeukalia nimeutoa.

Njoo. Uza nyumba, mpe jirani ghala lake, njoo. Sikuahidi kwamba utapenda. Utaukuta ukuta mahali pa kilima, na siku nyingine utanilaumu, nami nitakupikia chai. Lakini mchana mtaa huu utakuwa na watu wawili. Tutakata kamba za viti vya muuguzi tukae barazani kwake, nimeshamuomba na amefurahi, amesema angalau mtu amwambie jua linafika saa ngapi. Utanishikia futi nikipima madirisha, na utayacheka mapindo yangu ya sasa ambayo yamenyooka mno.

Vitu vya nyumbani sitaki vingi. Meza ya mama ikishindikana kusafiri, mwachie atakayeitunza. Ila siku ya kufunga mlango, panda ngazi mara ya mwisho, polepole, ulitoe lile pazia la chumba chetu unifungie. Nitalitundika kwenye dirisha lako, mbele ya ukuta. Najua ni fupi, chini litaacha wazi, na mafundi watatuchungulia. Waache. Nina vitambaa vya kila aina hapa na hakuna hata kimoja ninachokitaka kama hicho. Na tafadhali, dada, usilifue.

Watoto wanamuamkia mama yao mkubwa na wameshagombana nani atalala chumbani kwako siku ya kwanza. Abiria ameapa kwamba siku utakayokuja ataomba ruhusa kazini, akupokee kituoni akiwa upande wa wanaopokea, angalau mara moja. Wasalimie wote wa jirani, hata yule wa saruji. Nakusubiri mlango ukiwa wazi.

Ni mimi mdogo wako,
wa upande wa dirisha.