Shemeji Anataka Kung'oa Memori ya Laptopu ya Marehemu

Mpendwa mshauri Eucabeth, naomba unisaidie kabla sijamtamkia shemeji yangu neno ambalo sitaweza kulirudisha. Mume wangu Kiplangat alifariki mwaka jana kabla ya kura, na alikuwa akiendesha mashine ya kuvuna ngano hapa Mau Narok, na jioni alipenda kucheza mpira kwenye laptopu yake kubwa ya gemu na ndugu yake Kipngeno, akiipangusa vumbi kwanza kwa mkono wa sweta. Siku moja alipomfunga mabao mengi alijirekodi kwenye laptopu hiyo akimcheka, "Kipngeno, leo umelala, ngoja nikuletee blanketi," na mimi huisikiliza sauti hiyo nikimenya viazi. Sasa Kipngeno, ambaye bado huja kucheza, ameniambia fundi mmoja wa Nakuru atang'oa memori yote ya zamani aweke nyingine iliyoharakishwa kupita kipimo chake, ili gemu ikimbie, na ile ya zamani abaki nayo auze. Mshauri, memori ya mume wangu iuzwe dukani kama betri kuukuu? Nilipolia alisema, "Shemeji, wacha ushamba, ni kasi tu," na mama mkwe akanyamaza, basi nikaificha laptopu kwenye stoo chini ya magunia ya viazi, na sasa hatusalimiani. Je, nimekosea?

Jepkoech, Mau Narok

Jepkoech, pole sana. Lakini toa hiyo mashine chini ya magunia sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Unyevu wa viazi utaiua kabla ya fundi yeyote.

Memori wanayosema si kumbukumbu za marehemu. Ni vipande vinavyoshika kazi wakati kompyuta imewashwa tu. Ukiizima, havibaki na kitu. Sauti ya Kiplangat iko kwenye diski, sehemu nyingine ya mashine inayohifadhi vitu hata ikizimwa. Hilo ungeelezwa kwa sentensi moja, na inaniudhi kwamba mtu mzima aliona ni rahisi zaidi kukuita mshamba.

Na hiyo kasi yenyewe? Nimemuuliza Rupinder, anayetengeneza kompyuta hapa mjini, akacheka. Laptopu nyingi huirudisha memori ya aina hiyo kwenye mwendo zinaoukubali zenyewe. Hata isiporudishwa, gemu itaongeza mwendo kidogo ambao jicho halioni, na joto litazidi. Mzigo wa gemu uko kwenye kadi ya picha. Kama memori ni ndogo, kuongeza ukubwa kungesaidia, kasi, hapana. Huyo fundi anauza maneno.

Hata hivyo usimfanye Kipngeno mwizi. Naye amefiwa, na pengine kucheza ndiyo njia yake ya kukaa na ndugu yake.

Peleka laptopu saiba, pale wanapokodisha kompyuta, sauti iandikwe kwenye CD mbili, na usiondoke kabla hujazisikia zote. Moja ikae kwa mama yako. Kisha mkalishe shemeji mbele ya mama mkwe, ambaye kunyamaza kwake kumenichosha, umwambie: "Cheza ukitaka. Lakini hakuna skrubu itakayofunguliwa kabla hujaniuliza, na nikikataa, nimekataa."

Usiongeze neno. Na usiombe msamaha kwa kulia.