Papa Anayetembea, Mmea Usiohama

Nachingwea, 20 Januari 1998

Dada Zuena,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Chunyu na mvua hizi? Mimi mzima, ila goti la kulia linanitesa.

Nasikia Anuari, mpwa wa marehemu shemeji Hasani, anaitaka mikorosho yenu. Dada, hama, njoo kwangu! Msikilize mtu aliyewapikia mabaharia wa nchi saba, japo shule niliishia darasa la tano. Australia nimeona papa mdogo, hazidi mkono wangu. Maji yakipwa, akabaki kwenye kidimbwi kisicho na hewa, hababaiki. Anatembea kwa mapezi juu ya miamba mpaka kwenye maji mengine. Na jangwani Namibia nimeona mmea wa majani mawili manene, yamejaa maji, utadhani kokoto. Mwaka mzima bila mvua, upo palepale. Niliukanyaga! Wote wawili wanaijua shida, ila mmoja anakanyagwa. Uwe papa.

Mdogo wako,
Awadhi

Chunyu, 8 Februari 1998

Mdogo wangu Awadhi,

Marahaba. Sisi wazima, pole na goti. Huo mmea ulipoukanyaga, ulikufa? Hukusema.

Niko eda mpaka tarehe saba Aprili, sitoki nyumbani. Nikihama, Anuari atasema nimeitupa mikorosho. Eda ikiisha, kesho yake ukoo wao unakaa kikao. Unajua kwetu mwanamke husemewa na ndugu yake wa kiume. Asipotokea, basi. Papa ni wewe. Njoo.

Dada yako,
Zuena

Nachingwea, 25 Machi 1998

Dada,

Shikamoo. Barabara imekatika, magari yote yamelala. Madereva wanasema labda Mei.

Ule mmea haukufa. Mimi ndiye niliyeteleza nikaanguka.

Mdogo wako,
Awadhi

Chunyu, 14 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Umefika salama? Goti je? Lilikuwa limevimba kama fenesi. Siku tatu kwa miguu kwenye tope lile, Awadhi!

Nilijua kikaoni utawamalizia siku nzima kwa habari za meli. Kumbe umeuliza swali moja tu: "Hii mikorosho ilipokuwa miche, maji alibeba nani?" Anuari akatazama chini. Alikuwa akiniona na ndoo tangu mdogo. Kikao kikaishia hapo, mikorosho ikabaki kwangu.

Jana alikuja kunisaidia kupalilia. Alipalilia vizuri.

Jirani yangu Eustakio anakuletea korosho kwa baiskeli, na kandambili yako tuliyoifukua topeni. Usimwanzishie habari za papa, ana safari ya kurudi.

Dada yako asiyehama,
Zuena